Chombo huru cha haki za watu wenye ulemavu: tudai tume mpya, au kamishna ndani ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora (THBUB)?

Mdau_Buguruni
Wakuu, salaam. Vyama vya Ilala na Temeke vinaandaa andiko la kudai chombo huru cha taifa cha kusimamia haki za watu wenye ulemavu, na tumeshagawanyika. Wapo wanaotaka tume mpya kabisa. Wengine wanasema Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, ilishaunda Baraza la Taifa la Ushauri, liongezewe meno basi. Kundi la tatu linasema Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo, ipewe kitengo. Kipi kinawezekana, na rasimu iandikweje isikwame njiani?

Kalamu_Kariakoo
Anzieni kwenye ibara ya 33 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 pamoja na Itifaki yake ya Hiari. Mle mna kazi tatu na watu huzichanganya. 33(1) ni uratibu ndani ya serikali, na kwetu hiyo inakaa Ofisi ya Waziri Mkuu. 33(2) ni mfumo huru wa kukuza, kulinda na kufuatilia haki. 33(3) inataka watu wenye ulemavu na vyama vyao washiriki kikamilifu katika ufuatiliaji huo.

Baraza la Ushauri liko upande wa serikali, kazi yake kumshauri waziri. Mkiliongezea meno likiwa palepale, ni kesi ya nyani hakimu ngedere.

Uhuru wenyewe hupimwa kwa Kanuni za Paris, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1993. Msiishie kuandika neno "huru" kwenye kifungu cha kwanza. Andikeni nani anamteua kamishna, nani anaweza kumwondoa na kwa sababu zipi, kama chombo kinaweza kuingia jengo na kudai nyaraka bila kuomba ruhusa, na ripoti inafikaje Bungeni. Halafu fedha. Bajeti ikiwa ndani ya fungu (sehemu ya bajeti ya serikali) la wizara, Afisa Masuuli, yaani anayeidhinisha matumizi, ni Katibu Mkuu wa wizara hiyohiyo mnayotaka kuikagua. OC (fedha za matumizi mengineyo) ikipunguzwa katikati ya mwaka, safari za ukaguzi ndizo za kwanza kufutwa. THBUB ina fungu lake, na hiyo si faida ndogo.

Kwa hiyo mimi niko na kundi la tatu, ila neno "kitengo" liondoeni. THBUB imo kwenye Katiba, ibara ya 129, na sheria yake, Na. 7 ya 2001, inairuhusu kuanzisha uchunguzi bila kusubiri mlalamikaji. Kitengo huundwa na muundo wa utumishi, na muundo ukipitiwa upya kinafutika bila Bunge kujua. Dai liwe kamishna wa haki za watu wenye ulemavu anayetajwa ndani ya sheria. Kenya walifanya hivyo kwa namna yao: baraza la sheria ya 2003 likaendelea na usajili na huduma, ufuatiliaji ukapewa tume ya haki za binadamu. Uganda nako ufuatiliaji uko kwa tume ya haki za binadamu.

Mchambuzi_Tandale
Kalamu, hapo sikubaliani sana. Tume inapokea malalamiko ya ardhi, polisi, mirathi, ajira, kila kitu. Malalamiko ya asiyeona aliyenyimwa mtihani wa breli yatazama humo. Na hata yakishinda, Tume inatoa mapendekezo tu. Wanakijiji waliofukuzwa Nyamuma, kule Serengeti, Tume ilipendekeza walipwe fidia, serikali ikakataa, watu wakaishia mahakamani.

Kalamu_Kariakoo
Hoja ya kuzama ni ya kweli, ndiyo maana nasema kamishna kwa jina, kasma (mstari wa bajeti) yake mwenyewe ndani ya fungu, na ripoti ya mwaka inayojitegemea. Kuhusu meno: sheria ya sasa inampa aliyepelekewa mapendekezo muda usiozidi miezi mitatu aeleze hatua alizochukua, vinginevyo Tume inaweza kwenda mahakamani. Tatizo ni hilo neno "inaweza". Pendekezeni "itakwenda" kwa makosa mnayoyataja.

Ongezeni kifungu kwamba chombo kinashtaki kwa jina lake bila kusubiri mwathirika. Marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka anayefungua shauri aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Jengo la ofisi lisilo na lifti linamgusa hata ambaye hajawahi kufika mlangoni, lakini kwa masharti hayo huyo hakuwa na kiapo cha kula.

Na ulemavu hautajwi kwenye tafsiri ya kubagua, ibara ya 13(5) ya Katiba. Rasimu iseme wazi kuwa kunyima marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya lazima kama mtihani wa breli, ni ubaguzi.

Muswada_Mezani
Mnasahau njia. Muswada binafsi wa mbunge hapa haufai: ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia jambo linalotoza Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais amependekeza kupitia waziri. Tume mpya ina mishahara, kwa hiyo bila serikali hamfiki. Waraka unatoka wizarani, unapita kwa Makatibu Wakuu, Baraza la Mawaziri, Mwandishi Mkuu wa Sheria, ndipo Gazeti la Serikali na kusomwa mara ya kwanza. Kuirekebisha Sheria Na. 7 ni mzigo mwepesi kuliko kuunda tume kutoka sifuri, sembuse kugusa Katiba inayodai theluthi mbili.

Wadau huitwa kwenye kamati kwa taarifa fupi mno. Andaeni sasa jedwali la safu nne: kifungu, maneno yaliyopo, maneno mnayotaka, sababu. Hotuba ndefu haiingii kwenye muswada, jedwali linaingia. Barua ya kuomba mkalimani wa lugha ya alama itangulie. Nakala pelekeni ya Word: PDF iliyoskaniwa ni picha, kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kinanyamaza.

Jambo la Muungano lisiwapite. Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya watu wenye ulemavu tangu 2006. Mkiandika "taifa", semeni mnamaanisha pande zote mbili au Bara tu.

Mchambuzi_Tandale
Sawa, kwa masharti hayo kamishna nitamkubali. Ila mpeni cha kukagua chenye namba. Sheria ya 2010 inamtaka mwajiri wa watu 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6. Ni mtu mmoja au hakuna? Kwa 50 ni 1.5. Mwajiri atashusha, mkaguzi atapandisha, kesi haiishi. Andikeni kwamba sehemu yoyote inahesabiwa mtu mmoja kamili. Vilevile ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu: chombo kipewe haki ya kupata taarifa za kila robo mwaka, kilichotengwa na kilichotoka, kila kimoja peke yake.

Mdau_Buguruni
Tume mpya tunaiweka kando. Jedwali tunaanza nalo Jumamosi, safu nne. Muswada_Mezani, hicho kifungu cha "itakwenda mahakamani", Mwandishi Mkuu hatakipinga kwa kisingizio cha gharama? Tukiwekee kikomo, au tukipeleke kilivyo?

Muswada_Mezani
Atakipinga. Wekeni kikomo: makosa ya kukataa kuingia eneo, kuficha nyaraka, na kutojibu ndani ya miezi mitatu. Mengine acheni "inaweza".