Mjadala: Maumivu yapangiwe bei kama nauli?

Wadau, tuzungumze bila matusi. Wako wanaotaka majeraha ya barabarani yawekewe jedwali la fidia, hakimu asiwe na la kuongeza. Uingereza walifanya karibu hivyo kwa shingo zinazoteguka ndani ya magari. Sheria ilipoanza Mei 31, 2021, shingo iliyouma hadi miezi 3 ilikuwa pauni 240. Iliyouma zaidi ya miezi 18 hadi 24, pauni 4,215. Kuongeza kupo, ila kwa hali za kipekee tu, na si zaidi ya asilimia 20.

Mimi napinga. Mjomba wangu ni mgema huku Kilifi, au niseme alikuwa. Mwaka juzi matatu iligonga bodaboda aliyopanda, akavunjika kifundo cha mguu, akatiwa vyuma. Ukimwona akienda msikitini hutajua kitu. Lakini mfuate chini ya mnazi: anakumbatia shina, anatia unyayo kwenye kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anateremka akisingizia kasahau kotama. Kotama iko kiunoni.

Pato alilopoteza lina hesabu yake mbali. Nasema hiki ambacho korti huita maumivu, mateso na kupoteza raha ya maisha. Kule juu ndiko alikokuwa akiimba.

Karani wa Korti: Pole kwa mjomba. Ila usidhani hakimu huokota tarakimu hewani. Wakili wa mlalamikaji huleta kesi za zamani zenye majeraha kama hayo na malipo manono, wa bima huleta zile za malipo kiduchu, hakimu akapima huku akitazama shilingi imeshuka kiasi gani. Jedwali lipo, ila halijachapishwa! Na ukomo upo pia: kwa Sura ya 405, yaani sheria ya Kenya ya bima ya magari, bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi, umdai mwenye gari, ambaye gari lenyewe analilipia mkopo.

Boda wa Mtwapa: Mna subira nyinyi. Mimi na abiria wangu tuligongwa pamoja, sote tukavunjika mkono. Kesi yake ikaenda kwa hakimu huyu, yangu kwa yule, akapata karibu mara mbili yangu. Wa nani uliuma zaidi? Na hiyo yangu ilimegwa na wakala wa kusaka kesi aliyenifuata wodini na fomu, plasta haijakauka. Lingekuwepo jedwali ningelisoma mwenyewe kabla hajanishikisha kalamu.

Mwanzisha mada: La wakala sikulifikiria, hapo umenishika. Lakini jedwali tunalo tayari, la walioumia kazini, kwenye WIBA, sheria ya fidia za kazini ya 2007. Kidole kina asilimia yake, ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Tafuta humo safu ya maumivu, huioni. Kima cha chini kiandikwe, nakubali, tena kibandikwe ukutani kila wodi. Cha juu hapana.

Mama Zuhura: Na mjomba alipewa ngapi?

Mwanzisha mada: Bado, mama. Kesi imeahirishwa mara ya nne. Juzi daktari wa upande wa bima alimpima: alimwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani, kisha arudi.