Nianzeje na mama wa khanga wa Sirare?

Mama Doti, Kisumu
Hamjambo. Ninauza khanga Kibuye, hasa Jumapili. Mzigo nautoa Sirare, ng'ambo tu ya Isebania, maana wateja wangu wanazitaka za Tanzania. Mwezi uliopita niliingia kwa muuzaji wa jumla, mama wa umri wa kunizaa. Matatu ya Migori ilikuwa inakaribia kujaa, nikasema, "Nipe doti ishirini, bei ya mwisho ngapi?" Akaikunja ile khanga aliyokuwa ameanza kunionyesha. "Mwanangu, hata salamu?" Bei haikushuka hata shilingi. Iliniuma sana, kwa sababu sikukusudia kumvunjia heshima. Kwetu, kwa Kijaluo, ukisema "miya pi", nipe maji, hujamkosea mtu. Nataka kurudi kwake, khanga zake ni nzuri. Nianzeje?

Jirani wa Isebania
Shikamoo kwanza. Akishaitikia marahaba, muulize habari za biashara, ndipo uje kwenye khanga. Halafu "nipe" iache upande huu. Kule ni "naomba": naomba kuiona ile ya bluu, naomba unipunguzie kidogo mama. Sisi shuleni tulifundishwa "tafadhali", lakini "tafadhali nipe" bado ina sauti ya amri. Msiposikizana bei, usigeuke tu ukaondoka. Sema, "Asante mama, ngoja nizunguke kidogo." Mimi nimeshaitwa nirudi mara nyingi baada ya kuaga hivyo.

Wakala Busia
Na mpakani unapitaje? Mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uombee cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha mzigo umetoka wapi, palepale forodhani. Ushuru wa forodha hulipi, ingawa kodi nyingine zinaweza kubaki. Ila soma maandishi madogo ya pembeni mwa khanga. Kuna khanga zinazochapwa India, na hizo hata ukizinunua Sirare si za Tanzania.

Mama Doti, Kisumu
Asanteni sana. Hilo la India naliangalia stoo leo jioni. Jirani, naomba kuuliza tena. Juzi kijana wa Mwanza aliniamkia shikamoo kibandani, nikamjibu "mzuri". Alibaki amesimama kama anayengoja kitu. Sasa naelewa alikuwa anangoja marahaba. Na yule mama ana binti wa rika langu hapo dukani. Naye nimwamkie shikamoo?

Jirani wa Isebania
Huyo ni "habari za kazi, dada". Lakini mama yake mwamkie kwanza, hata kama binti ndiye aliye mlangoni.