Nani alimpa ruhusa ya kumkalisha mwanafunzi wangu?

Ndugu walimu, naandika hasira zikiwa bado hazijapoa. Yule mheshimiwa mnamjua nyote. Ndiye huletwa kila muhula katika shule zetu za umma za mjini kuinua ufundishaji wa hisabati na sayansi, akiwa na jalada nene kuliko matofali mawili. Leo ameingia darasani mwangu katikati ya kipindi cha kugawanya kwa sehemu. Watoto walikuwa wamekata karatasi sita nusu kwa nusu na kuhesabu vipande 12, ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hajawahi kunyosha mkono tangu mwaka uanze, akauliza kwa nini kugawanya kumeongeza namba ilhali siku zote hupunguza. Kabla sijafumbua mdomo, mheshimiwa akamwambia: "Hilo haliulizwi kwenye mtihani. Geuza, zidisha, kaa chini."

Kaa chini! Swali ambalo mwalimu wa hisabati hulisubiri mwaka mzima linajibiwa kwa kaa chini, na jibu lenyewe lilikuwa limetandazwa mbele ya mtoto: tunauliza nusu ngapi zimo ndani ya sita. Asiyeliona hilo ndiye baadaye hujumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, wala asishtuke kwamba jibu ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo.

Jioni, mheshimiwa huyohuyo akatuketisha ukumbini, akatusomea neno kwa neno kutoka ukutani mbinu za kumshirikisha mwanafunzi. Sikusikia hata moja. Nilisikia kaa chini tu.

Chaki Nyeupe: Pole, Mwalimu, lakini umeandika kana kwamba serikali imepinduliwa. Kwa nini hukumjibu binti palepale?

Mtoa mada: Nilimjibu, tena mheshimiwa akiwa amesimama hapohapo. Lakini mtoto alikuwa ameshaambiwa akae chini mbele ya wenzake, na hakuuliza tena.

Pima Maji: Afadhali ninyi mmeingiliwa darasani, maana kwetu mkaguzi huishia ofisini kusaini kitabu. Japani walimu huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akalifundisha huku wenzake wakitazama jinsi wanafunzi wanavyofikiri, kisha wakalijadili. Hilo lingetufaa kuliko semina kumi.

Mama Maabara: Hisabati angalau mnakata karatasi. Sisi wa sayansi maabara imefungwa na ufunguo anao mkuu wa shule, anayeogopa mirija isivunjike, kwa hiyo wanafunzi wanakariri kwamba karatasi nyekundu ya litmasi hugeuka bluu kwenye besi, wala hawajaiona ikigeuka hata mara moja.

Chaki Nyeupe: Dada, maabara isiwe kisingizio. Uzi na jiwe vinatosha kuonyesha kwamba muda wa pendulamu kwenda na kurudi hubadilika ukirefusha uzi, wala haubadiliki ukiweka jiwe zito zaidi.

Mama Maabara: Ndugu yangu, jiwe hilo nitalining'iniza wapi lionekane na darasa ambalo nusu yake wamesimama kwa kukosa madawati? Na kemia nayo niifundishe kwa uzi?

Pima Maji: Huyo mkuu wenu na wetu ni ndugu. Kwetu mirija mipya bado imo ndani ya maboksi, na mtihani wa vitendo unakaribia.

Mama Maabara: Maboksi yenu yana mizani? Yetu iliharibika, na hakuna anayekubali kusaini itengenezwe.