Mjomba anataka kuninunulia kitambulisho cha Kenya ili niingie chuo. Naombeni ushauri

BintiUvira:
Habari zenu wadau. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nimebanwa, na kwetu hakuna mkubwa aliyewahi kupita chuo kikuu nikamuuliza.

Mimi ni mkimbizi kutoka Uvira, Kongo. Nilifika kambi ya Kakuma hapa Kenya nikiwa na miaka sita, nikasoma huko darasa la kwanza hadi kidato cha nne. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata B-, Kiswahili A- na Historia B+. Nataka kuwa mwalimu wa masomo hayo mawili, sijawahi kutaka kitu kingine. Sasa hivi niko Nakuru, mtaa wa Kaptembwo, kwa mama mdogo. Nilikuja kwa pass, ile ruhusa ya mkimbizi kusafiri nje ya kambi, na inaisha mwisho wa mwezi huu.

Chuo kimoja, jina naliacha, kilinipa barua ya kujiunga. Nilipopeleka karatasi zangu ofisi ya usajili, dada wa pale akaingiza namba ya kitambulisho changu cha mkimbizi kwenye kompyuta, ikakataa. Akajaribu mara tatu. Halafu akageuza karatasi ya karo upande wangu, akapiga mstari chini ya ile ya wanafunzi wa kigeni, akaandika jumla ya mwaka pembeni kwa kalamu nyekundu. Sikuweza kusema kitu. Mama mdogo anakaanga mandazi, moja shilingi kumi. Kwenye matatu nilianza kuhesabu ni mandazi mangapi, nikaacha kabla sijafika hata nusu.

Mjomba naye amepata mtu hapa mjini anayesema kwa 40,000 atanitolea kitambulisho cha Kenya chenye jina la watu wa magharibi mwa Kenya, kisha niombe nafasi KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, na mkopo wa serikali wa HELB kama wenzangu. Ameshamtumia 5,000. Ananiambia, "Umekulia hapa, umefanya mtihani wa hapa, wimbo wa taifa unaujua wote. Kosa liko wapi?" Nilikosa la kumjibu.

Baba, aliye kambini, ana lake. Anasema Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo niachane na ukimbizi, nisome kama mwana Jumuiya.

Usajili unafungwa baada ya wiki tatu. Nifuate lipi?

Omar_wa_Garissa:
Dada yangu, hicho kitambulisho usikiguse. Mimi ni mtu wa Garissa, nafanya biashara hapa Nakuru, na hili nimeliona kwa macho.

Kwetu kuna vijana Wakenya halisi, baba na babu Wakenya. Wakati wa ukame wazazi wao waliwaandikisha kambi ya wakimbizi ya Dadaab wakiwa watoto ili wapate chakula na shule. Walipotimiza miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho, vidole vikawekwa kwenye mashine, vikatokea upande wa wakimbizi. Basi. Binamu yangu alikaa miaka saba hivyo. Hakuweza kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki, na kila safari ya Nairobi alikuwa anashushwa kwenye basi. Huyo ni Mkenya na alikuwa hajadanganya mtu, alikuwa mtoto wa miaka minne. Sasa wewe ambaye alama zako zilichukuliwa Kakuma, huyo dalali atazifuta na nini?

Kijana_Bondeni:
Mnamtisha mtoto wa watu. Wengi wamepita njia hiyo na leo wana kazi na familia. Serikali yenyewe ndiyo imefunga mlango, mtu aingie wapi? Lipa, nyamaza, soma.

MwalimuMstaafu_Njoro:
Kijana wa Bondeni, kwamba mlango ni mwembamba tunakubaliana. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wenyewe walisema mwaka 2023 ni kama asilimia 7 tu ya wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu, na wamejiwekea lengo la asilimia 15 kufikia 2030. Lakini tazama jambo dogo sana. Cheti chake cha KCSE kina jina lake. Kitambulisho kitakuwa na jina jingine. Ili akitumie, itabidi cheti nacho kighushiwe, na ile B- aliyoipata kwa jasho lake ipotee. Unamwambia atupe kitu pekee ambacho hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Binti, nimefundisha miaka thelathini na moja. Mwalimu husajiliwa na TSC, tume ya walimu, na TSC hukagua vyeti tangu cha kidato cha nne. Ukianza na jina la uongo, utalibeba hadi siku ya kustaafu. Mwambie mjomba wako kwa heshima kwamba umekataa.

Dafi_Kakamega:
Karibu sana dada. Mimi pia ni mtoto wa Kakuma, kwetu Sudan Kusini. Nilimaliza digrii Kakamega kwa ufadhili wa DAFI. Kabla sijaandika marefu: una umri gani, umeolewa, una mtoto?

BintiUvira:
Asante kaka. Nina miaka 21, sijaolewa na sina mtoto. Omar, maneno yako kuhusu binamu yako nimemsomea mama mdogo kwa sauti. Alizima jiko, akakaa chini.

Dafi_Kakamega:
Sawa. Basi nisikilize polepole.

Kuhusu wazo la baba. Anajua anachosema, hajabuni. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuiacha hadhi yake kwa hiari ili apate haki za Jumuiya. Lakini ukishaiacha, unakuwa Mkongomani aliye Kenya, na utahitaji karatasi za serikali ya kwenu, ile mliyoikimbia. Ufadhili wa wakimbizi nao hutaweza kuuomba tena. Usiuze ng'ombe ili ununue kamba yake. Muulize baba swali moja tu: Kenya wakisema hapana, tutarudi Uvira?

KUCCPS na HELB ni za raia, hilo tusidanganyane. Njia zako ni hizi. DAFI ni fedha ambazo serikali ya Ujerumani imekuwa ikizitoa kupitia UNHCR tangu 1992. Unasoma humuhumu nchini unakoishi, wanalipa karo, vitabu, na pesa ya kula na kulala. Kwa kawaida usiwe umepita miaka 28 unapoanza, kwa hiyo una muda. Mimi niliomba mara mbili, ya kwanza nikakosa. Nyingine ni ya Kanada, ya World University Service of Canada. Wao wamekuwa wakichukua wanafunzi wakimbizi tangu 1978, na huko unakwenda kama mkaaji wa kudumu. Hiyo inataka kijana asiye na ndoa wala mtoto, ndiyo maana nilikuuliza. Zote mbili ulizia ofisi ya Windle, shirika la elimu ya wakimbizi, pale kambini, na angalia matangazo ubaoni kila wiki, maana tangazo likishapita unangoja mwaka mzima. Fomu ni bure. Mtu akikudai hata mia, ondoka.

Lakini la wiki hii si ufadhili. La wiki hii ni barua kwa msajili wa chuo.

MwalimuMstaafu_Njoro:
Hapo umesema, mwanangu. Na barua isiwe ya kulia. Iwe na mambo matatu. Kwanza, wewe ni mtahiniwa wa KCSE kama Mkenya yeyote, hukuja na cheti cha nje kinachohitaji kulinganishwa. Pili, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya imeukubali, kifungu cha 22, unataka mkimbizi asaidiwe kadiri inavyowezekana katika masomo ya juu, na unataja waziwazi hata kupunguziwa ada. Haulazimishi chuo kukutoza sawa na raia, kwa hiyo usiandike hivyo. Omba. Omba utozwe karo ya Mkenya anayejilipia. Tatu, wakikataa au wakichelewa, omba nafasi yako iahirishwe mwaka mmoja. Hilo la tatu ndilo litakalokuokoa. Nafasi ikishaahirishwa kwa maandishi, unaingia kwenye usaili wa ufadhili ukiwa na barua ya chuo mkononi.

Namba ya kitambulisho ikikataa kwenye kompyuta, si dhambi ya yule dada wa ofisini, mtambo umetengenezewa namba za raia. Usibishane naye. Panda kwa msajili mwenyewe.

Mama_Kondele:
Mimi niko Kisumu, sijui mambo ya vyuo. Nimesoma hapo pa mandazi nikashindwa kupita kimya. Wangu wa tatu alikosa karo, nikauza cherehani. Mwanangu, mama mdogo wako mwambie anafanya kazi kubwa. Na hiyo 5,000 ya mjomba, msiifuate. Dalali akiona mnaifuata atawaomba 10,000 ya kuirudisha.

Dafi_Kakamega:
Mama amesema kweli tupu. Na pass yako, dada! Usiiache iishe ukiwa Nakuru. Nenda nayo Idara ya Huduma za Wakimbizi ukiwa na barua ya chuo, uombe mpya kwa sababu ya masomo. Ukikamatwa na pass iliyokwisha, hutakuwa tena unashughulikia chuo, utakuwa unashughulikia kituo cha polisi.

Chuo kikikuahirishia, usikae bure mwaka mzima. Jesuit Worldwide Learning wana masomo kambini Kakuma, na Lodwar kuna Turkana University College, si mbali na nyumbani. Hata kufundisha shule za kambini kutakusaidia, unataka ualimu kweli au sivyo?

BintiUvira:
Nimerudi. Mjomba alikasirika, hakula hapa jana. Leo asubuhi alikuja akaniuliza, "Hao watu wa mtandaoni wanakujua?" Nikamwonyesha aliyoandika Omar. Alisoma mwenyewe mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema mtu wa mjini hashiki simu tangu Jumamosi. Baba nilimpigia, nikamuuliza swali la Uvira. Alinyamaza kidogo, kisha akasema niendelee na barua.

Barua nimeiandika kwa mkono, kurasa mbili. Pass inaisha baada ya siku tisa, kwa hiyo nataka kupeleka barua chuo kesho kutwa, halafu nipande basi la Kitale usiku uleule, nirudi Kakuma. Mwalimu, ningeomba uipitie barua kwanza. Naogopa Kiingereza changu kwenye sehemu ya kifungu cha 22.

MwalimuMstaafu_Njoro:
Kesho niko mjini kuanzia saa nne, nina shughuli benki. Nimekutumia namba kwenye ujumbe wa faragha. Njoo na mama mdogo wako, usije peke yako kukutana na mtu usiyemjua. Kurasa mbili ni nyingi, tutaipunguza iwe moja. Leta kitambulisho chako, cheti cha KCSE na ile karatasi yenye kalamu nyekundu, kila kimoja na nakala mbili. Moja ya barua watakugongea muhuri wa kupokea, hiyo usimwachie mtu yeyote.

BintiUvira:
Tutakuja wote wawili. Mama mdogo anauliza kama unakula mandazi yenye iliki.