Lichess kwa Docker: kontena la lila linakufa na namba 137, nianzie wapi?

FarasiMweusi
Wakuu, habari za kazi. Nataka kuchangia Lichess (tovuti huria ya mchezo wa chesi) upande wa muonekano, yaani TypeScript na Sass. Nimechukua lila-docker (mradi wa kuiendesha Lichess kwenye kompyuta yako kwa Docker), nikaendesha `./lila-docker start`, imeji zikashuka vizuri, ila kontena la `lila` (seva kuu ya Lichess) linakata roho katikati ya kukompaili. `docker compose ps -a` inaonyesha `Exited (137)`, huku Mongo na Redis (hifadhidata zake) zikiwa hai. Mashine ni Windows 11, RAM 8GB, WSL2 (Linux ndani ya Windows) yenye Ubuntu, na mradi uko `C:\kazi\lila-docker`. Huduma za hiari nilizitia tiki zote. Natumia bando, kwa hiyo sipendi kushusha kila kitu upya.

Ngome_H8
Mkuu, 137 ni 128 jumlisha 9: mchakato umeuawa kwa SIGKILL. Kwa RAM hiyo, aliyeua karibu kwa hakika ni karneli ya Linux baada ya kuishiwa kumbukumbu. Hakikisha:

`dmesg | grep -i "killed process"`

Ukiona `java` hapo, umempata marehemu. Usichanganye na `java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space`. Hilo ni tatizo jingine: Java imegonga kikomo chake cha `-Xmx` hata kama mashine bado ina nafasi.

WSL2 isipoelekezwa hujichukulia nusu ya RAM ya mashine, hivyo Ubuntu yako inaishi na 4GB. Lila ni Scala 3, na sbt (zana ya kukompaili Scala) ikikompaili mradi mkubwa kiasi kile kwa mara ya kwanza inakula RAM bila huruma. Tengeneza faili `.wslconfig` ndani ya `C:\Users\jina-lako`:

```
[wsl2]
memory=6GB
swap=8GB
```

Notepad ina tabia ya kubandika `.txt` mwishoni, na faili likiwa na jina hilo WSL hailisomi wala hailalamiki. Ukishahifadhi, nenda PowerShell uandike `wsl --shutdown`. Kufunga dirisha la Ubuntu tu hakutoshi. Ukirudi, `free -h` ikuonyeshe takriban 6GB kabla hujagusa kitu kingine.

KeteNyeupe
Hiyo RAM ni nusu ya ugonjwa. Toa mradi kwenye `C:`. Ukiwa ndani ya WSL, kila faili la `/mnt/c` linapita kwenye daraja kati ya Linux na Windows, na mradi wenye maelfu ya faili dogodogo unatambaa. Isitoshe, taarifa za inotify (Linux inavyoarifu kuwa faili limebadilika) hazivuki daraja hilo, kwa hiyo kinachosubiri faili libadilike ili kikompaili upya hakitaamka kamwe.

Usikopi folda, kloni upya ukiwa ndani ya Ubuntu:

```
cd ~
git clone https://github.com/lichess-org/lila-docker.git
```

Git ya Windows mara nyingi hugeuza miisho ya mistari kuwa CRLF (mtindo wa Windows), na ukikopi unahama nayo. Dalili yake ni hitilafu ya `bash\r: No such file or directory`, ambayo imepotezea watu wengi usingizi.

Kuhusu bando: imeji hazikai kwenye folda ya mradi, zinatunzwa na Docker yenyewe, kwa hiyo hazishuki tena. Zitakazoshuka ni repo (msimbo wa miradi). Simamisha kwanza kontena za zamani kwa `./lila-docker stop`, la sivyo za zamani na mpya zitagombania bandari 8080. Na usiandike `docker compose down -v` kwa mazoea. Hiyo `-v` inaondoka na hifadhi za data.

Gambiti
Natofautiana kidogo na Ngome. Ukiipa WSL 6GB kati ya 8, Windows inabaki inahema. Ningeanza kwa kupunguza mzigo. Kwa kazi ya muonekano huhitaji fishnet (inachambua mechi kwa Stockfish, injini ya chesi, upande wa seva), wala lila-search (ya kutafuta mechi) na Elasticsearch yake, ambayo ni Java nyingine nzima, wala lila-gif (ya kutengeneza picha za GIF). Zinazokuhusu ni lila, lila-ws (seva ya websocket), Mongo, Redis na seva ya mbele. Anza upya usanidi, usitie tiki yoyote, kisha tazama `docker stats`.

Ikigoma hata hapo, kodi mashine ya Linux ya RAM 16GB kwa saa chache. Swap (diski inayotumika kama RAM) itakufikisha, lakini kwa mwendo wa kinyonga.

FarasiMweusi
Asanteni sana, imewaka! Nilipunguza huduma nikaweka na 6GB. `localhost:8080` inafunguka. Yamebaki mawili: nikibadili faili la `.ts` sioni mabadiliko, na simu nikiingiza `192.168.1.20:8080` ukurasa unakuja ila mechi haiunganiki.

Ngome_H8
La kwanza: acha dirisha moja likiendesha `./lila-docker ui --watch`, kisha pakia ukurasa upya. Ukigusa Scala ndipo unahitaji `./lila-docker lila restart`, na hapo subiri ikompaili.

La pili: mechi hazipiti kwenye lila moja kwa moja. Kivinjari kinafungua websocket kwenda lila-ws, nayo inaongea na lila kupitia Redis. Anwani ya websocket imeandikwa ndani ya ukurasa kutoka kwenye usanidi, nao unasema `localhost`. Simu ikiisoma inajitafuta yenyewe. Endesha `./lila-docker hostname`, weka IP ya kompyuta, kisha anzisha upya.

KeteNyeupe
Na kama umesakinisha Docker ndani ya Ubuntu badala ya Docker Desktop, huenda simu isiifikie bandari kabisa siku nyingine, maana WSL iko nyuma ya NAT (mtandao wake wa ndani uliojificha nyuma ya Windows). Ongeza `networkingMode=mirrored` kwenye `.wslconfig`, na uruhusu 8080 kwenye ukuta moto wa Windows.

Stockfish ya ndani ya kivinjari ikikataa nyuzi nyingi kwenye simu, usiifuate kwenye msimbo. Inahitaji SharedArrayBuffer (kumbukumbu inayoshirikiwa na nyuzi), na kivinjari hakiitoi kwa anwani ya `http://192.168…`. `localhost` inahesabiwa kuwa salama hata bila HTTPS, IP ya mtandao wa nyumbani haihesabiwi. Uchambuzi ujaribie kwenye kompyuta, simu iachie mpangilio wa ubao na vitufe.