Naomba ushauri: simbilisi wangu niwakatie bima au niweke akiba?

Hamjambo wanakikundi. Niko Nakuru, na watoto wangu wanafuga simbilisi wawili, wote majike. Wanakula nyasi kavu ya boma rhodes, majani ya sukuma wiki kidogo, na kila siku kipande cha pilipili hoho kwa sababu miili yao haiwezi kujitengenezea vitamini C.

Majuzi mmoja aliacha kula. Akawa anadondosha mate mpaka manyoya ya kidevuni yakalowa, nyasi anaishika mdomoni kisha anaiachia. Kumbe magego yalikuwa yamerefuka na kuanza kumchoma ulimi; meno yao hukua maisha yote. Ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi ndipo yapunguzwe. Sasa anakula vizuri, nashukuru Mungu, lakini daktari wa mifugo amenieleza tatizo hili huwa linarudi, na gharama si ndogo.

Nimeulizia bima. Wakala wa kwanza alikuwa na ya ng'ombe wa maziwa na ya mbwa tu. Wa pili amesema atafuatilia, ila akanitahadharisha kwamba kwa kawaida bima hailipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Hawa wanyama huishi miaka 5 hadi 8, kwa hivyo safari bado ni ndefu.

Je, inafaa nimkatie bima yule mzima peke yake? Na mnaoweka akiba ya matibabu kwenye M-Pesa au chama, mnatenga shilingi ngapi kwa mwezi kwa mnyama mdogo hivi?

Asanteni sana.