Kuuliza njia Uturuki: kila mtu anaelekeza, kila mmoja upande wake

Kaskazi77
Habari za humu, wadau. Kuna safari ya siku kumi: İstanbul siku nne (shughuli ni Laleli, nguo za jumla), kisha basi hadi Göreme kule Kapadokya. Kituruki ni salamu tu.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Inasemekana Mturuki hasemi "sijui". Ukimwuliza njia atakuelekeza hata kama mahali hapajui. Maelekezo ya kweli unayatambuaje? La pili ni chai. Ukikaribishwa dukani au nyumbani, unaondokaje bila kumvunjia mwenyeji heshima, na utajuaje kwamba ukarimu ule si mtego?

Mzee_wa_Kargo
Karibu, Kaskazi. Anza na neno *misafir*. Kwa Kituruki maana yake si msafiri, ni mgeni. Asili ni moja, Kiarabu, ila sisi tumelichukua likiwa njiani na wao wamelichukua likiwa limeshabisha hodi. Mgeni asiyetarajiwa humwita *Tanrı misafiri*, mgeni wa Mungu. Ukimsimamisha mtu barabarani umeshakuwa mgeni wake, na kukuambia "sijui" anaona ni kama kukufungia mlango. Hana nia ya kukudanganya. Anakupa alicho nacho, na mara nyingi alicho nacho ni makisio.

Kwa hiyo jifunze kuuliza. Usinyooshe kidole ukasema "Laleli ni huku?" Utajibiwa *evet*, ndiyo, hata kama umeonyesha baharini. Uliza wazi, "Laleli nerede?" (Laleli iko wapi?), kisha nyamaza umtazame. Anayejua hunyoosha mkono papo hapo na kutaja vitu vya kuonekana: *cami* (msikiti), *eczane* (duka la dawa), *köprü* (daraja), *ışıklar* (taa za barabarani). Asiyejua hurudia jina la mahali mara mbili tatu, hutazama huku na huku, halafu humwita jirani. Wakishafika wanne na kuanza kubishana, shukuru kwa moyo wote, sogea kama mita 200, uliza tena. Watu wawili wasiofahamiana wakikubaliana, fuata njia hiyo. Na mdomo ukisema *sağ* (kulia) huku mkono unaonyesha kushoto, fuata mkono, kwa sababu mkono ndio unaoiona njia.

Chagua pia wa kumwuliza. Mpita njia anaweza kuwa mgeni kama wewe. Mwenye bakkal (duka la mtaani) na mfamasia wanakaa pale kila siku. Kwa anwani ya nyumba, tafuta *muhtarlık*, ofisi ya muhtar. Huyo ni mkuu wa mtaa wa kuchaguliwa, kwetu ungesema mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Njia ninayoiamini kuliko zote: mpigie mwenyeji wako au hoteli, kisha mpe simu mwenye duka wazungumze wenyewe. Mara nyingi atakutolea mtoto wa dukani akufikishe.

Umbali usiulize kwa dakika. Neno *dakika* ni hilo hilo letu, lakini *beş dakika*, dakika tano, husemwa kukutia moyo. Uliza "Kaç durak?", vituo vingapi. Vituo vinahesabika, na anayepanda basi hilo anavijua.

Chai_ya_Rangi
Nyongeza kwenye njia, maana makosa mengine ni yetu wenyewe.

Matamshi kwanza. C ya Kituruki ni j, ç ni ch, ş ni sh. *Cadde* (barabara kuu) ni "jadde", na kituo cha tramu cha Cevizlibağ kinaanza kwa "Je". Ukitamka vibaya, msikilizaji mwenye moyo wa kusaidia atakutafutia jina linalofanana na ulilosema, akupeleke huko. Onyesha maandishi.

Anwani husomwa hivi: Mah. ni mtaa, Cad. barabara, Sk. kichochoro, No: 12/4 ni jengo la 12 mlango wa 4. Kat 2 ni ghorofa ya pili ukihesabu kuanzia juu ya *zemin*, sakafu ya chini. Mwishoni soma wilaya, mfano Fatih / İstanbul, kwa sababu majina kama Atatürk Caddesi yamejaa nchi nzima. Maduka mengi ya jumla yamo ndani ya *iş hanı*, majengo ya biashara, kwa hiyo andika na jina la jengo.

Neno *karşı* lina hatari yake. Ni "ng'ambo": pengine ng'ambo ya barabara, pengine ng'ambo ya Bosphorus, mlango wa bahari unaoigawa İstanbul, yaani bara jingine. Thibitisha kabla ya kupanda feri.

Wenzangu wa Tanzania, Kenya na Uganda: kule magari hupita kulia. Kituo cha gari linaloelekea mbele kiko upande wako wa kulia, na ukifuata mazoea ya nyumbani utapanda linalorudi ulikotoka.

La mwisho, ishara. Mturuki akiinua kidevu au nyusi na kutoa mlio mfupi wa ulimi, "cık", anasema hapana tu. Kwa sikio letu unakaribia msonyo, na watu wamekasirika bure. Kutikisa kichwa kulia na kushoto mara nyingi ni "sijakuelewa", basi rudia swali.

BintiUshanga
Mimi nijibu la chai.

Inakuja kwenye bilauri ndogo isiyo na mkono, kavu, bila maziwa. Ishike kwenye ukingo, chini inaunguza. Nyepesi ni *açık*, nzito ni *demli*. Nyumbani, bilauri ikiwa tupu itajazwa tena na tena. Ukitosheka, laza kijiko juu ya bilauri. Dukani mwenye duka huagiza kwa *çaycı*, mchuuzi wa chai wa jengo, na yeye ndiye hulipa, usitoe pesa. Chai hiyo haikufungi kununua. Kama huna dakika kumi za kukaa, kataa kabla haijaagizwa: kiganja kifuani, "Teşekkür ederim, sağ olun" (asante sana). Kukataa ikishaletwa ndiko kunakoumiza.

Mtego una sura yake. Mwenye duka anakukaribisha pale alipokaa. Wa kumwogopa ni anayekufuata Sultanahmet au Taksim, maeneo ya watalii İstanbul, kwa Kiingereza kizuri, anauliza unatoka wapi, kisha anataka kukupeleka baa anayoichagua yeye. Bili ndiyo itakayokuliza. Mwingine ni mng'arisha viatu anayeangusha brashi mbele yako. Ukimwokotea, anakung'arishia "kwa shukrani", halafu anadai malipo.

Nyumbani kwa mtu: viatu mlangoni, vaa *terlik* (ndara) utakazopewa. Peleka kilo moja ya baklava (kitamu chao), au pakiti ya karafuu kutoka nyumbani. Wao huita *karanfil*, na zetu zina harufu. Ukimiminiwa *kolonya* (manukato ya maji) viganjani, jipake mikono. Pakua kidogo mara ya kwanza, kwa sababu sahani ya pili hutaikwepa. Mpishi mwambie "Elinize sağlık", afya kwa mikono yako. Pesa usimpe kamwe.

Kaskazi77
Ahsanteni sana. Na basi la Göreme kutoka Laleli?

Mzee_wa_Kargo
Panda metro M1 kituo cha Aksaray, ushuke Otogar, ndiyo stendi kuu ya Esenler. Hapo jihadhari na jina: Aksaray ni mtaa jirani na Laleli, na pia ni mji wa Anatolia ya Kati, upande huo huo unakokwenda. Ukiwa stendi ukisema "Aksaray" watakukatia tiketi ya mji. Sema Göreme tu, na uliza "Göreme'ye kadar mı?", linafika hadi Göreme? Baadhi huishia Nevşehir, kisha gari dogo la kampuni, *servis*, humalizia bila malipo ya ziada. Hakikisha tiketi imeandikwa Göreme, si Nevşehir. Mtu akikuambia servis imekwisha na kukuvuta ofisi ya utalii, rudi dirisha la kampuni uwaonyeshe tiketi hiyo.